Je, wajua kwa nini metal (ile roki ya magitaa makali) huwa nzito zaidi jukwaani kuliko kwenye albamu?

Albamu mpya imetoka. Umeisikiliza kwa hedifoni mara tatu na hukumu umeshaitoa: ngoma ziko sawa, magitaa yanakata, ila kuna kitu kimepooza. Miezi miwili baadaye unaikuta bendi ileile jukwaani na wimbo uleule, na rifu ya kwanza, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, inakupiga kifuani kana kwamba mtu amekusukuma kwa viganja viwili. Watu ni walewale, noti ni zilezile. Sasa ule uzito ulikuwa umejificha wapi?

Tuanze na noti ambayo hakuna anayeipiga.

Chukua gitaa la umeme lenye nyuzi zilizokazwa kwa kawaida. Uzi mnene kuliko zote, ukiupiga wazi, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Mpiga gitaa wa metal mara nyingi haupigi peke yake. Anaupiga pamoja na noti ya tano juu yake, inayotetemeka kama mara 123. Noti hizo mbili kwa pamoja huitwa pawakodi (hii ni kodi ya gitaa, si ile ya serikali), na kwenye gitaa la kawaida lisilo na umeme haimsisimui mtu.

Ipitishe sasa kwenye amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake. Mawimbi ya umeme yanapanda, yanagonga dari, yanakatwa vichwa. Mgongo uliokuwa wa mviringo unakuwa bapa wenye kingo, na kingo hizo ndizo mkwaruzo tunaouita distosheni. Amplifaya ikishafika hapo, haiwezi tena kuzibeba noti mbili kila moja kivyake. Inazisaga pamoja, na katika kusaga inazaa noti nyingine: jumla ya zile mbili, na tofauti yao. Toa 82 kwenye 123. Unapata 41, na hezi 41 ndiyo sauti ya uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne. Mpiga gitaa hana uzi wa namna hiyo mkononi, lakini noti yake inatoka kwenye spika. Ongeza noti ya tatu, ile inayoipa kodi furaha au huzuni, na zinazaliwa noti nyingi zinazogombana. Ndiyo maana wanametal huiacha.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alifika huko kwa njia ya maumivu. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati huko Birmingham, Uingereza, ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Alijitengenezea vikofia vya vidole kwa plastiki aliyoiyeyusha, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Katika albamu ya Master of Reality ya 1971, nyimbo kadhaa zimeshushwa nusu-noti tatu: uzi mnene unashuka hadi hezi 69 hivi, na ile noti isiyopigwa na mtu inateremka hadi karibu 35. Bendi nyingi zilizokuja baadaye zimeendelea kushuka kutoka hapo.

Haya, hiyo 41 ikifika masikioni mwako nyumbani inakuwaje? Spika ya simu haiitoi kabisa. Hedifoni nzuri inaitoa, lakini hapo linaingia tatizo la sikio lenyewe. Mwaka 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Filimbi ya hezi 1000 utaisikia hata ikiwa na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu. Mngurumo wa hezi 40 unahitaji takriban desibeli 50 ndipo uanze kusikika hata kidogo. Kwa hiyo ukisikiliza albamu kwa sauti ya chini usiku ili usiwaamshe watu, unaukagua mwili wa juu wa muziki, miguu imebaki nje. Mimi nimeshawahi kuiita albamu nyembamba, nikaisikia wiki moja baadaye kwenye spika kubwa, nikaona aibu.

Kosa jingine si la sikio, ni la studio. Dijitali ina dari: kuna kiwango ambacho sauti haiwezi kukivuka. Anayetaka albamu yake isikike kubwa kuliko ya jirani ana njia moja, nayo ni kuviponda vilele na kuvuta mabonde juu. Pigo la snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ambalo lilipaswa kuchomoza kama msumari, linakandamizwa hadi lilingane na gitaa. Kila kitu kinapiga kelele kwa kiwango kimoja, na sikio linachoka kabla ya wimbo wa nne. Bendi ya Metallica ilipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD, kwa sababu za mchezo hazikubanwa kwa ukali ule. Maelfu walitia saini kuomba albamu ichanganywe upya. Kwa maoni yangu walikuwa na haki, ingawa nyimbo zenyewe ni nzuri.

Jukwaani dari hiyo iko mbali zaidi. Ngoma ya mguu ina nafasi ya kuruka juu ya kila kitu, na ukimya kabla ya rifu ni ukimya kweli. Zaidi ya hapo, mwili mzima unageuka sikio. Wimbi moja la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo halikugusi masikioni tu, linakuzunguka, na kifua na tumbo vinatikisika nalo. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Manchester, Todd na Cody, walieleza jambo jingine: muziki ukivuka takriban desibeli 90, unaanza kuamsha sehemu ya sikio la ndani inayohusika na mizani ya mwili, ile inayokuambia unasogea au umetulia. Wao waliona kwamba huenda ndiyo chanzo cha raha ya muziki wa kelele, kama ile ya bembea. Nami ninaposimama mbele ya spika nikiwa sijasogea hata hatua, napata hisia hiyohiyo ya kubembea.

Raha hiyo ina bei. Kanuni ya wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani ni saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Fika 100, kiwango cha kawaida kabisa kwenye metal, na unabaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka 100 kuwa wastani wa juu kwa kumbi za burudani. Viziba masikio vya wanamuziki hupunguza sauti zote karibu kwa usawa, na besi bado itapita kifuani. Vile vya sponji vinakula sauti kali kuliko besi, gitaa linakuwa matope, lakini ni afadhali matope kuliko mlio usiokwisha kichwani.

Kuna mahali ambapo jukwaa linashindwa, na anayeihukumu bendi asipolijua hilo atamwonea mtu. Mpiga ngoma wa kasi, kwenye tempo ya 200 (midundo 200 kwa dakika), akigonga mara nne kwa kila mdundo, miguu yake miwili inagonga kama mara 13 kwa sekunde. Ukumbi wenye mwangwi wa sekunde 2 unabeba mapigo 26 yakiwa yamelaliana hewani kwa wakati mmoja. Kwenye hedifoni ungeyahesabu. Pale unasikia ngurumo tu. Bendi ya polepole, inayopiga kodi moja na kuiacha ife, katika ukumbi uleule inaonekana jitu. Ndiyo sababu kwenye shoo mimi husimama karibu na fundi mitambo, maana anachanganya sauti kwa masikio yake na kwa kawaida pale alipo ndipo inapoeleweka zaidi. Na nikisikia mtu akilalamika kwamba bendi fulani ya kasi ilivurunda jukwaani, swali langu la kwanza ni alikuwa amesimama wapi.