Zege la bwawa na tetemeko: kipimo cha kuvuta ndo chenyewe

Mtu akiniuliza zege la bwawa lina nguvu kiasi gani namuuliza kwanza, ya kubanwa au ya kuvutwa? Maana ukilibana linavumilia sana ila ukilivuta linakatika mapema, nguvu yake ya kuvutwa huwa kama asilimia 10 tu ya ile ya kubanwa, na tetemeko linayumbisha ukuta mbele na nyuma kwa hiyo pale palipokuwa pamebanwa sasa hivi panavutwa, na kuta hizi nene za uzito, yaani zinazozuia maji kwa uzito wake zenyewe, kwa kawaida hazina nondo za kushikilia mwili wake.

Bwawa la Koyna kule India lilionyesha wazi. Tarehe 11 Desemba 1967 tetemeko lilipopiga, ukuta wake wa mita 103 ulipata nyufa za mlalo kule juu, pale mteremko wa nyuma, upande usio na maji, unapobadilika. Haukuanguka, lakini nyufa zilikuwa za kuvutwa.

Sasa maabara. Tunachoronga silinda kutoka ukutani, tunailaza ubavu na kuibana mpaka ipasuke katikati (kubana huko kunaivuta kwa ndani), au tunaigundisha ncha zote mbili na kuivuta. Kipimo cha kawaida kinachukua dakika, tetemeko linataka sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa hiyo mashine lazima ivute haraka hivyo hivyo. Na ukivuta haraka zege linaonyesha nguvu zaidi, Jerome Raphael wa Marekani mwaka 1984 alipendekeza nyongeza ya kama asilimia 50, kwa sababu ufa unakosa muda wa kuzunguka kokoto unazikata katikati, na maji yaliyomo kwenye vitundu nayo yanaukinza. Ndo maana sampuli ya bwawa usiiache ikauke! Ifunge plastiki palepale inapotoka, kavu haipati nyongeza kama ya yenye unyevu.

Kinachonikera ni viungo, yaani pale tabaka jipya la zege lilipomwagwa juu ya la zamani. Hapo ndo pengine pana udhaifu kuliko kote, halafu silinda ikitoka imekatika kwenye kiungo mtu anaiandika imeharibika anaitupa pembeni anapima zile nzima tu, anapata namba nzuri ambayo si ya ukuta ule. Tazama uso wa mkatiko kwanza: ukiwa na chokaa nyeupe au uchafu wa zamani kiungo kilishaachana kabla hujafika, ukiwa msafi na mpya huenda ni mashine ya kuchoronga imekikata. Vyote viandikwe, vingapi vimetoka vizima na vingapi vimekatika, na viwe ukurasa wa kwanza wa ripoti kabla ya megapaskali yoyote, yaani namba yoyote ya nguvu.