Paneli juu ya banda si agrivoltaiki

Agrivoltaiki ni kukitumia kipande kimoja cha ardhi kwa kazi mbili kwa wakati mmoja: juu paneli za sola zinazalisha umeme, chini kunalimwa au kunalishwa mifugo. Maana yake haina zaidi ya hapo, lakini siku hizi mfugaji akifunga paneli mbili juu ya banda la kuku anaambiwa kaingia kwenye agrivoltaiki. Pampu ya sola ikijaza maji ya ng'ombe, nayo imo. Uzio wa umeme, tangi la kupozea maziwa, vyote vimo.

Ni mambo mazuri, tena kijijini kusikofika gridi pampu hiyo inaweza kumfaa mfugaji kuliko mradi mkubwa wa kitaalamu. Ila hakuna ardhi iliyofanya kazi mbili. Jiulize: paneli zikiondolewa, malisho yatabadilika? Zikiwa juu ya paa, nyasi hazina habari.

Wajerumani Adolf Goetzberger na Armin Zastrow walipotoa wazo hili mwaka 1981, walikuwa wanafikiria mazao. Walipendekeza paneli ziinuliwe kama mita 2 na kuachiana nafasi ili mwanga ufike chini. Yaani tangu mwanzo paneli zilipangwa kwa kumfikiria aliye chini yake, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Kwa mifugo, aliye chini ana tabia zake. Kondoo ndiye anayependwa zaidi: ni mfupi, hapandi juu ya vitu, na hula nyasi kabla hazijarefuka na kuzitia paneli kivuli. Mashine ya kukatia nyasi hurusha mawe, na jiwe moja linatosha kupasua kioo. Mbuzi hupanda na kutafuna nyaya. Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo kwa uzito wake wote, kwa hiyo anahitaji nguzo imara na paneli za juu zaidi, na chuma hicho chote ni gharama. Kwa upande wake anapata kivuli, na ng'ombe wa maziwa anayeteswa na joto hula kidogo na maziwa hupungua. Udongo wenye kivuli nao huchelewa kukauka wakati wa kiangazi, ingawa kivuli kikizidi nyasi hudhoofika.

Kuna pia mashamba makubwa ya sola yanayoleta kondoo baadaye, wafyeke tu. Sibishi kuyaita agrivoltaiki, mradi wanyama wawe na maji na malisho yapumzishwe kwa zamu. Bila hayo, kinachofugwa pale ni paneli.

Huyo mwenye paneli juu ya banda, tuseme anafuga kwa umeme wa jua. Ndicho anachofanya, na wala hakumpunguzii sifa.