Mwizi aliyelindwa na aibu ya mabwana

Nikimtaja Nezumi Kozō, mwizi maarufu wa majumba ya mabwana wa Japani ya zamani, swali la kwanza huwa ni aliruka vipi kuta zile. Mimi miaka yote nimesoma upande wa waliomsaka, na huko swali ni jingine: nani alikuwa na haki ya kumfuata ndani?

Jina lake hasa lilikuwa Jirokichi, mkazi wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Watu wapatao milioni moja, na kesi za raia wa kawaida ziko mikononi mwa mahakimu wawili wa mji. Kila hakimu alikuwa na maofisa 25 na askari wa chini, dōshin, mia na kitu. Waliopiga doria mitaani walihesabika. Ndiyo maana dōshin aliwatumia okappiki, wapelelezi wake wa mtaani, wengi wakiwa wahalifu wa zamani. Mchawi mpe mwana akulelee. Okappiki alijua nani jana hakuwa na kitu na leo anaweka dhahabu kwenye kamari.

Mtandao huo ulimnasa vizuri mwizi wa madukani. Lakini Jirokichi aliiba kwa daimyo, yaani mabwana watawala wa majimbo, na kwenye lango la daimyo mamlaka ya hakimu wa mji yaliishia hapo hapo. Dōshin alibaki nje na jitte yake, kile kirungu cha chuma chenye kidole cha kunasia upanga. Mwenye nyumba naye alinyamaza. Bwana mwenye jeshi la samurai ataanzaje kusema kaibiwa na mtu mmoja, tena kwenye vyumba vya wanawake?

Mwaka 1825 alikamatwa, akadai ndiyo kwanza anaanza. Kuiba ryō 10, sarafu za dhahabu za wakati huo, au zaidi adhabu yake ilikuwa kifo, lakini nani angejitokeza kumsuta? Akachanjwa alama mkononi, akafukuzwa mjini. Akarudi, na kazi ikaendelea mpaka 1832, alipokamatwa ndani ya jumba moja la mtaa wa Hamachō. Safari hii alikiri: majumba karibu 100, zaidi ya ryō 3,000. Mwaka huo huo akakatwa kichwa.

Kwa kuwa kwake hazikukutwa fedha, mtaani wakasema aliwagawia maskini. Mwenyewe alisema alizimaliza kwenye kamari, pombe na wanawake, na mimi namwamini.