Kusoma historia ya kijiji kwenye ramani kuukuu ya topografia

Ramani ya topografia ni ile inayoonyesha sura ya nchi: milima na mabonde kwa mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), kisha mito, misitu, njia na majengo. Kontua zikibanana, hapo pana mteremko mkali. Zikiachana, ni tambarare. Wengi tulifundishwa hayo darasani tukayaacha hukohuko. Ila ramani hiyo ikizeeka huwa ushahidi wa jinsi mahali palivyokuwa wakati mpima ardhi alipopita.

Cha kushangaza, mara nyingi shamba huonekana vizuri kuliko mji. Kwenye ramani kuukuu za Marekani za skeli ya 1:24,000 (sentimita moja ni mita 240 ardhini), sehemu za mji zilizosongamana hupakwa rangi tu na kuonyeshwa majengo machache muhimu. Vijijini nyumba huchorwa mojamoja, kila moja kimraba chake cheusi, kwa hiyo unaweza kuzihesabu.

Utamu uko kwenye kulinganisha matoleo. Tuseme toleo la kwanza lina njia inayopanda bonde, inapita kando ya chemchemi na kuishia kwenye vimraba viwili. Toleo linalofuata lina njia, vimraba hamna. La tatu lina msitu mtupu. Nenda pale na ramani mkononi, uanzie kwenye chemchemi, maana maji hayahami upesi kama watu. Tafuta mawe ya msingi chini ya majani, au miti ya matunda iliyosimama kwa safu katikati ya pori. Miti haijipangi yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa Ayalandi. Kati ya 1824 na 1846 kisiwa chote kilipimwa kwa skeli ya inchi sita kwa maili, shabaha ikiwa kodi ya ardhi. Kazi ilipokuwa inamalizika, njaa kuu ya viazi ilikuwa imeshaanza mwaka 1845. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi wakahama. Wapimaji hawakujua kwamba wanachora picha ya mwisho ya vijiji vingi. Ndiyo maana ramani zao zina vijumba vilivyokumbatiana mahali ambapo matoleo ya baadaye yana malisho matupu.

Upimaji huohuo unatufundisha kuhusu majina. Msomi John O'Donovan aliajiriwa kuzunguka akiuliza wenyeji asili ya jina la kila mahali, lakini kwenye ramani majina ya Kigaeli yaliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Jina lisiloeleweka kwenye ramani kuukuu, basi, lisome kwa sauti ukifikiria lugha ya wenyeji. Huenda likakutajia kinu, kanisa au kivuko ambacho hakuna anayekikumbuka.

Usisahau pia aliyelipa gharama. Shirika la upimaji la Uingereza, Ordnance Survey, lilianzishwa 1791 kwa mahitaji ya jeshi, na jeshi linataka kujua barabara na vilima. Kibanda cha kibarua kingeweza kuachwa bila kuchorwa. Kwa hiyo usiseme "hapakuwa na watu" kwa sababu tu karatasi ni tupu.

Kosa la kawaida kabisa ni la tarehe. Mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa upimaji, na baina yake inaweza kupita miaka mingi, kwa hiyo soma maandishi madogo ya pembezoni kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye baadhi ya ramani za Marekani utakuta pia wino wa zambarau: hayo ni mabadiliko yaliyoongezwa kutokana na picha za ndege, bila mtu kwenda kuhakiki ardhini.

Ramani za kuanzia nazo hazina gharama. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, limeweka mtandaoni ramani zake za tangu 1884, na Maktaba ya Taifa ya Scotland inakuruhusu kutandaza ramani kuukuu juu ya picha ya setilaiti, ukaipunguza rangi taratibu mpaka nyumba za zamani zikaanza kuonekana katikati ya mashamba ya leo.