Simu pepe ya Android: iwashe vizuri, kisha ilete Dodoma

Wanafunzi wanaokuja kwangu hapa Dodoma kujifunza kutengeneza programu za simu huanza na lalamiko lilelile, kwamba simu pepe (simu ya kuigiza inayofanya kazi ndani ya kompyuta) ya Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, haiwaki, au ikiwaka inakwamisha kompyuta nzima, na wengi wao huwa wameshaanza kuulizia bei ya kompyuta mpya. Nawasihi wasubiri kwanza. Simu pepe hutegemea uwezo wa prosesa wa kubeba mfumo mwingine ndani yake, uwezo ambao Intel huuita VT-x na AMD huuita AMD-V au SVM, na kompyuta nyingi hutufikia ukiwa umezimwa. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uuwashe, kisha kwenye Windows washa pia Windows Hypervisor Platform, kipengele kinachoiruhusu simu pepe kuutumia uwezo huo. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na KVM. Maelekezo ya zamani yanayokutaka usakinishe HAXM, programu ya Intel iliyofanya kazi hiyohiyo, yaache, kwa kuwa Intel iliacha kuiendeleza mwaka 2023.

Unapoiunda simu yenyewe, chagua mfumo wa x86_64 ikiwa prosesa yako ni ya Intel au AMD, kwa sababu ule wa ARM, uliotengenezwa kwa prosesa za aina nyingine zilizomo kwenye simu nyingi, utailazimisha kompyuta kutafsiri kila amri. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8, mimi huipa simu GB 2 tu.

Kuwaka pekee hakutoshi. Simu pepe huzaliwa ikiamini kwamba iko Mountain View, California, na programu ya kumwelekeza mkulima wa zabibu wa Hombolo, hapa Dodoma, kwenye soko la karibu haiwezi kupimwa huko. Ikiwa imewaka, ihamishie Dodoma kwa kuandika amri hii kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri (adb ni zana ya Android ya kutuma amri kwenye simu):

adb emu geo fix 35.74 -6.17

Hapa wengi hukosea, nami nilipoteza jioni nzima kwa kosa hilohilo: amri hii hutanguliza longitudo, tofauti na ramani tulizozizoea zinazotanguliza latitudo. Ukizigeuza namba hizo, simu yako itajikuta baharini, magharibi ya Tangier nchini Moroko, na utatafuta hitilafu kwenye msimbo usio na kosa lolote.

Mtandao nao upunguze, kwa kuwa simu pepe hutumia kasi yote ya intaneti ya kompyuta yako, kasi ambayo mkulima akiwa shambani huenda hana. Iwashe kwa amri ya emulator kwenye terminal, ukiongeza -netspeed edge na -netdelay edge ili iige mtandao wa EDGE, ule wa simu wa zamani wenye kasi ndogo, kisha fungua ukurasa wako wa kwanza na uhesabu sekunde hadi maandishi yaonekane.