Bluzi ya Delta na wimbo "When the Levee Breaks"

Bluzi ya Delta ni muziki wa gitaa na sauti ya mwimbaji mmoja au wawili, uliokuzwa na Wamarekani Weusi mwanzoni mwa karne ya 20 kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi. Eneo hilo huitwa Delta ingawa liko mbali na bahari. Ni tambarare ya udongo wenye rutuba ulioletwa na mafuriko ya mito Mississippi na Yazoo. Wakulima Weusi walilima pamba humo kwa mgawo wa mavuno, na mara nyingi wao ndio waliotakiwa kuyajenga na kuyakarabati matuta ya udongo yaliyozuia maji ya mto.

Ndiyo maana wimbo "When the Levee Breaks" ("Tuta Linapobomoka") hauwezi kueleweka bila tuta. Wanamuziki wa bluzi Kansas Joe McCoy na mkewe, Memphis Minnie, waliurekodi New York mwezi Juni 1929, miaka miwili baada ya mto kubomoa tuta la Mounds Landing, huko Delta, tarehe 21 Aprili 1927. Mafuriko ya mwaka huo yaliwaacha watu zaidi ya 600,000 bila makao. Mjini Greenville, katika Delta hiyo, maelfu ya Weusi waliwekwa juu ya tuta na kulazimishwa kufanya kazi chini ya ulinzi wa bunduki, kwa kuwa wenye mashamba waliogopa kwamba wakiruhusiwa kuondoka hawatarudi kulima.

McCoy anaimba kwamba mvua ikizidi kunyesha tuta litabomoka. Anaurudia mstari huo, kisha wa tatu unasema watu watakosa pa kukaa, na huo ndio muundo wa kawaida wa bluzi. Mwimbaji amefanya kazi kwenye tuta usiku na mchana, na anajua kuwa kilio hakitamsaidia. Gitaa la Minnie halilii naye. Linakwenda mbio, kwa wepesi na ustadi, na kwa maoni yangu wepesi huo ndio unaoyafanya maneno yaume zaidi.

Mwaka 1971 bendi ya Led Zeppelin ya Uingereza ilitoa toleo lake la wimbo huo, la mwendo wa polepole na mzito, ngoma zikiwa zimepigwa kwenye ukumbi ulio mwishoni mwa ngazi, katika jumba la Headley Grange. Mdundo huo ulichukuliwa na wanamuziki wa hip hop, wakiwemo Beastie Boys mwaka 1986. Bendi iliorodhesha jina la Memphis Minnie miongoni mwa watunzi, jambo la haki kabisa, lakini ikamwacha McCoy, ambaye sauti yake ndiyo inayosikika katika rekodi ya kwanza.