Dawa za umakini kwa mtu mzima: zinasaidia nini, na zinaishia wapi

Mtu mzima akiambiwa kwamba ana tatizo la upungufu wa umakini, ambalo wengi wanalijua kwa herufi zake ADHD, maswali huwa mawili: nitameza nini, na nitapona lini? Nianze na la pili. Dawa hizi haziponyi. Nyingi hufanya kazi siku ile uliyozimeza tu, tena kwa saa kadhaa. Ila ndani ya saa hizo mtu anaweza kupata utulivu wa akili ambao pengine hajawahi kuuonja tangu shule ya msingi.

Chukua fundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, mwenye gomesi tano mezani, zile gauni za heshima za wanawake wa Uganda. Zote amezikata, hakuna hata moja aliyoimaliza. Mvivu siye: usiku wa kuamkia harusi ya mteja hushona mpaka alfajiri. Kinachomshinda ni kuanza kabla maji hayajafika shingoni, kisha kuirudia kazi simu ikishamkatiza. Hapo ndipo dawa inapofaa zaidi. Methilifenidati, mojawapo ya zinazotumika sana duniani, huzuia seli za neva zisizifyonze upesi mno dopamini na noradrenalini zilizozitoa. Kemikali hizo hubaki kazini muda mrefu zaidi, hasa kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kudhibiti pupa. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na huisha nguvu baada ya saa 3 au 4. Kinachoachia dawa polepole hudumu saa 8 hadi 12.

Wanaosaidika husimulia mambo madogo madogo. Wanamsikiliza mtu mpaka amalize. Wanasoma ukurasa mara moja badala ya nne. Wanafika stendi ya teksi bila kurudi nyumbani kutafuta funguo. Na yapo makubwa: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 uliona kuwa wanaume wenye ADHD walipata ajali chache kubwa za barabarani katika vipindi walivyokuwa wakitumia dawa. Kwa anayeendesha bodaboda Kampala, hilo ni suala la uhai.

Sasa upande wa pili, ambao naona hauelezwi vya kutosha. Dawa inakupa umakini. Haikuchagulii pa kuupeleka. Ukimeza asubuhi kisha ukafungua TikTok, utaitazama TikTok kwa makini sana. Haitalipa madeni uliyojiingiza kwa pupa, haitamtuliza mwenzio aliyechoka na ahadi zako, wala haitafuta miaka ya kuitwa mzembe. Hayo yanahitaji mazungumzo, ushauri nasaha, daftari la shughuli, na usingizi wa kutosha. Ndiyo maana napenda mgonjwa achague mambo mawili ya kupima kabla ya kidonge cha kwanza. Fundi wetu ahesabu gomesi zilizokamilika kila wiki. “Najisikia vizuri” ni kipimo dhaifu. Hata kikombe cha kahawa hukifikia.

Kabla ya kuanza, tunapima shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito, na tunauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana. Tuambie pia ukiwa na ujauzito, kifafa, glakoma, au kama umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Dozi huanza ndogo na kuongezwa hatua kwa hatua. Hamu ya chakula hupungua mchana, kwa hiyo kula kifungua kinywa chako, hata kama ni katogo ya matoke, kwanza, ndipo umeze. Ukichelewa kumeza, usingizi utachelewa pia. Jioni dawa ikiisha baadhi huwa wakali. Mara nyingi mke au mume ndiye anayeliona kwanza, basi mje naye kliniki.

Mairungi, yaani miraa, ina kathinoni, kemikali ya kuchangamsha mwili iliyo jamaa ya amfetamini. Kuitafuna juu ya dawa hizi ni kuusukuma moyo mara mbili. Waragi nayo, ile pombe kali, tuambie ukweli; hatuko hapa kukuhukumu.

Wasiofaa kutumia dawa za kuchangamsha kama methilifenidati, ikiwemo baadhi ya waliowahi kutawaliwa na vilevi, wanaweza kupewa atomoksetini. Hii haileti uraibu, lakini humezwa kila siku na huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo kamili. Wengi huiacha wiki ya pili wakidhani imeshindwa. Kama unatumia fluoksetini kwa ajili ya sonona, sema, kwa sababu huifanya atomoksetini ijae mwilini kuliko ilivyokusudiwa.

Methilifenidati iko chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari, na si kila famasi huiweka. Usiinunue mkononi mwa mtu, na usimgawie mwanafunzi anayekesha kwa mtihani. Uchunguzi unaweza kuuanzia Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, au kwenye vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Mbale na Mbarara. Uliza mapema kama dawa ipo na bei yake kwa mwezi, usije ukaianza na kuikosa.

Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, ukianza kusikia sauti, au ukijiwa na mawazo ya kujiua, usimeze kidonge kinachofuata na usisubiri tarehe ya miadi. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, na ubebe kopo la dawa.